Nilivyokwenda Masoko Kumchukua Gwakisa

Nianze na la aibu kabisa, ili wa kucheka acheke mapema: nilipiga magoti mbele ya wanafunzi wa sekondari, mchana kweupe, nikamshika mkono marehemu mdogo wangu, nikamwita kwa jina lake, nikamwambia mama anakusubiri nyumbani. Niliyekuwa nimemshika alikuwa na mkia.

Mkia kabisa, mrefu. Sikuuona kwa sababu nilianzia mkononi.

Najua habari imeshawafikia ndugu zangu wa Kisiba mliotawanyika, wa Mbeya, wa Dar, wa Kyela, na kila aliyeisimulia kaongeza chumvi yake. Nimesikia mmoja wenu anasema nilimbeba mgongoni nikakimbia naye. Sikumbeba. Nilimshika mkono tu. Kwa hiyo nawasimulia safari yote mwenyewe, tangu kutoka mpaka kurudi, muipate kwa mwenye nayo.

Kwa wake zenu na wakwe ambao hawanijui: mimi ni Lusajo, nauza viatu vya mtumba pale Msasani, Tukuyu mjini. Shule niliishia kidato cha pili. Haikunishinda, tuliachana kwa makubaliano. Na Gwakisa ni mdogo wangu wa kunifuata. Alikwenda kuogelea ziwa Kisiba na wenzake, wenzake wakarudi. Miaka imepita sasa. Lile ziwa mnalijua, ni shimo la volkano lililojaa maji, kingo zinashuka kama ukuta, na katikati hajatokea mtu aliyegusa chini. Watu walizamia, wakavuta kamba, wakapiga mbizi mpaka midomo ikabadilika rangi. Hakuonekana.

Ukoo wetu una utaratibu wake kwa jambo kama hilo. Mtu akipotea asionekane, wazee wanakata mgomba, wanauvika sanda, wanauzika kama mtu. Watu wanalia, wanakula, wanatawanyika. Inaisha. Baba mdogo Ambakisye, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, alimfuata mama na panga mkononi kumwambia hivyo. Mama akamjibu, "Mimi sijazaa mgomba." Basi, panga likarudi darini.

Badala yake mama akasafisha kipande cha ardhi pembeni ya kaburi la baba, urefu wa mtu mmoja, akakiacha kitupu. Na kwetu ardhi tupu haipo, hata choo kimezungukwa na ndizi. Chipukizi la mgomba likijitokeza pale, mama analing'oa kwa mkono, hata mvua ikiwa inanyesha. Anasema hapo ni pa Gwakisa. Macho yake siku hizi yamefifia, ananitambua kwa kikohozi, lakini chipukizi la pale hajawahi kulikosa.

Sasa jioni moja nimekaa na viatu vyangu, ikaingia picha kwenye lile grupu letu la ukoo. Binamu mmoja kairusha, hata yeye karushiwa. Chini imeandikwa: "Mifupa kutoka chini ya ziwa. Iko maabara ya sekondari Masoko, nendeni mkaone." Picha yenyewe ni ya mkono. Vidole vitano. Na kidole cha mwisho kimekwenda upande.

Gwakisa alivunjika kidole cha mwisho akidaka penati. Bibi akakiunga kwa kijiti na kitambaa, kikapona kikiangalia upande, kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Nikaikuza picha mpaka ikawa ukungu. Nikairudisha. Nikaikuza tena.

Mtaniuliza, Lusajo, shule gani inaweka mifupa ya mtu? Nami nawajibu: shule yangu. Kwenye maabara yetu kulikuwa na mifupa ya mtu imening'inizwa kwenye chuma, na waliotutangulia walituapia kwamba ni mtu kweli, mfungwa aliyekosa ndugu wa kumzika. Somo la kueleza mifupa ile ni ya nini lilikuwa la darasa la mbele. Mimi sikufika. Nilitoka shuleni nikijua kitu kimoja tu kuhusu mifupa ya maabara, kwamba ni ya mtu aliyekosa ndugu. Nikaona mdogo wangu katundikwa kule kama hana kwao.

Nikampigia mama. Sikumpigia mwalimu wala baba mdogo. Mama.

"Mama, amepatikana."

"Yuko wapi?"

"Masoko. Shuleni."

"Anafanya nini shuleni?"

"Mama, ni mifupa."

Nikasikia kuku wake wanagombana uani. Halafu akasema, "Njoo na shuka jeupe. Haya ya hapa yana madoa ya ndizi."

Msasani, asubuhi. Nilivaa koti la kanisani na viatu bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo dukani, vya kushoto na kulia vikiwa karibu ndugu. Shuka nililinunua jipya, nikaliweka kwenye begi. Wa kunipeleka alikuwa Asajile, rafiki yangu tangu tunachunga ng'ombe, ambaye sasa ni bodaboda. Akaliangalia begi, akaniangalia.

"Mwanangu, tunarudi na mtu kwa pikipiki?"

"Ni mifupa tu."

"Atakaa katikati au nyuma?"

"Utamuuliza mwenyewe. Alikuwa anapenda mbele."

Tukacheka. Hivyo ndivyo tulivyo, mimi na Asajile, tunacheka kama watu wanaopiga kelele porini ili chatu asogee. Kulikuwa na ukungu. Mlima Rungwe nyuma yetu haukuonekana hata kidogo, na pembeni ya barabara wachuma chai walionekana kuanzia kifuani kwenda juu, miguu yote imemezwa na majani. Asajile alivaa makoti mawili. Mimi nilikuwa nimevaa moja, lakini sikuhisi baridi. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Hilo nalo mliandike kwenye mambo ya aibu. Nilikuwa naenda kuchukua mifupa ya mdogo wangu na nilikuwa naimba.

Kisiba, kabla ya chai ya saa nne. Tulipita nyumbani kwanza ili mama anibariki. Nilidhani nitamkuta peke yake. Nikakuta uani pamejaa. Simu yangu ya jana ilikuwa imetembea usiku kucha bila kuchoka. Akina mama wameshapanga mafiga, ndizi zinamenywa, kuna sufuria za kanisa, kuna turubai la jirani, na mchungaji amekaa chini yake. Wanaume wako pale pa Gwakisa, na ardhi imeshafunguliwa.

"Baba mdogo, shikamoo. Mmeanza mapema."

"Marahaba. Mama yako ametutoa kitandani. Kaburi likisubiri mtu siyo vibaya. Mtu akisubiri kaburi ndiyo vibaya."

Wakawa wanabishana kuhusu kina. Vijana walisema mifupa mitupu haina haja ya shimo refu, kina kinachopita goti kidogo kinatosha, na jiwe lilikuwa limeanza kugonga jembe. Baba mdogo akakubali. Basi wakataka na urefu wenyewe upungue, si mifupa inakunjwa kwenye kasanduku? Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbali, tukadhani hasikii.

"Mwanangu hakunjwi," akasema.

Wakachimba urefu wa mtu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema: jamani, ngojeni kwanza nikaone. Nilisimama pale pembeni ya shimo na maneno yale mdomoni. Lakini mjue jinsi watu walivyokuwa wananipa mkono. Mimi, ambaye kwenye kila kikao cha ukoo natumwa maji, siku hiyo niliwekewa kiti. Bibi mmoja alinisalimia kwa kupiga goti, akaniambia, "Ndaga fijo, mwanangu, umetuletea mtu wetu." Ukiambiwa asante ya namna hiyo, tena kwa Kinyakyusa, ulimi unaota mizizi.

Mama akaomba kulishika lile shuka. Akalipapasa pembe zote nne, akalikunja upya kwa sababu nilivyolikunja mimi hakukumpendeza.

"Ukifika, umsalimie kwanza," akasema. "Umwambie tunakwenda nyumbani. Na umwambie kwa Kinyakyusa. Ukimwambia kwa Kiswahili atadhani ni serikali."

Masoko, mchana. Jua lilishatoka, migomba inang'aa kama imepakwa mafuta. Getini kwa shule kulikuwa na mlinzi, mzee mwenye koti la mvua.

"Karibu. Umekuja kumwona mwanafunzi?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kumchukua ndugu yangu."

"Yuko kidato cha ngapi?"

"Hayuko kidato. Yuko maabara."

Mzee akalitazama koti langu la kanisani, akalitazama begi, akafikiri mimi ni mkaguzi. Akafungua geti lote, hata lile la magari.

Maabara ilikuwa na wanafunzi kibao wamesimama kuzunguka meza ndefu, na mwalimu wa baiolojia, dada mmoja mtu wa Singida, anawaeleza kitu. Wanafunzi waliponiona walinipisha. Koti tena. Nikapenya mpaka kwenye meza, na upande niliotokea ndio ulikuwa na mkono. Umekaa juu ya kipande cha mbao, vidole vimetandazwa, kile cha mwisho kimekwenda upande.

Sikuangalia kingine. Nawaapia, kichwa hakikwenda kulia wala kushoto. Nikapiga magoti, nikaushika ule mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamsalimia kama nilivyoagizwa. Nikamwambia kwa Kinyakyusa, Gwakisa, mimi Lusajo, twende nyumbani, mama anakusubiri, pako pamesafishwa.

Wale watoto ni Wanyakyusa. Walielewa kila neno. Msichana mmoja akaanza kulia, naye hajui analilia nini. Ndipo nikainua macho kufuata mkono kwenda begani, bega kwenda shingoni, nimwone mdogo wangu usoni.

Alikuwa na meno ya kuchana. Uso mrefu kama wa mbwa. Mgongo mrefu, miguu minne mifupi, na huko mwisho, ukining'inia nje ya meza, mkia.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Simlaumu, hata mimi ningecheka, na pengine ningekuwa wa kwanza. Mwalimu akawatoa wote nje, akaniletea kigoda. Asajile alikuwa amesimama mlangoni na helmeti mkononi, kama mtu yuko msibani.

"Kaka, pole," mwalimu akasema. "Gwakisa ni nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye kidole, akafumba macho.

"Hicho kidole nilikivunja mimi," akasema. "Wakati nakitoa kwenye sanduku. Nikakigundisha kwa gundi, kikakaa vibaya. Na picha nilipiga mimi, nikawatumia walimu wenzangu wa jirani walete wanafunzi. Sikujua itafika mbali."

"Huyu ni nani sasa?"

"Ni mnyama wa kale kabisa, hayupo tena duniani. Ni jamaa wa sili."

"Sili ndiyo nani?"

"Mnyama wa baharini, kule kwenye barafu. Kama mbwa ambaye miguu yake imegeuka makasia. Huyu wa zamani alikuwa bado ana miguu. Anatembea nchi kavu, anaogelea. Fisi maji unamjua? Kama fisi maji mkubwa."

"Na vidole vitano?"

"Wanyama wengi wana vitano, kaka. Hata popo, ukimfungua bawa."

Hilo ndilo somo la darasa la mbele. Nimelifikia, nimechelewa tu.

Akaniambia nigonge ubavu wake. Nikagonga. Ukatoa mlio wa beseni. Hata mifupa haikuwa mifupa! Ni mfano, akasema, plastiki ngumu iliyomiminwa ikafanana na ile ya kweli. Ya kweli wameifungia kabatini huko kwao, mbali sana kaskazini. Na hata hiyo ya kweli haikutimia, kuna vipande havikuonekana, wakavitengeneza kwa kukisia. Rafiki yake wa ng'ambo alikuja kutembea, akaliona ziwa Masoko, akamwambia kwamba huyu mnyama naye aliishi kwenye ziwa la namna hiyo, la maji baridi, lililojaa ndani ya shimo kubwa. Aliporudi kwao akamtumia huu mfano ili wanafunzi wa maziwa ya shimo wamwone mwenzao.

"Yeye alizama?" nikauliza.

"Hatujui. Alikufa, akaenda chini, matope yakamfunika."

"Na walimpataje?"

"Ziwa lilikauka."

"Lilichukua muda gani?"

"Mamilioni ya miaka, kaka."

Nikapiga hesabu yangu ya kidato cha pili. Mama hawezi kusubiri ziwa Kisiba likauke.

Nikacheka kwa sauti, peke yangu, nikaona mwalimu ameogopa. Mpaka leo sijui kicheko kile kilitoka wapi. Halafu kikaisha na hakukuwa na kitu chini yake. Kwa miaka yote ile, nawaambia ukweli, nilikuwa na kaimani kadogo kwamba siku moja ziwa litachoka, litamtema. Siku ile, kwenye kile kigoda, nilimwangalia yule mnyama mwenye meno na nikajua ziwa huwa halichoki. Linaweza kukaa na kitu chake mpaka wanaokitafuta waishe, na kabila lao liishe, na hata aina yao iishe.

Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, "Nyumbani mmeshachimba?"

"Tumeshachimba."

Akaweka mkono mdomoni. Singida na Rungwe ni mbali, lakini hilo wanalijua kote.

Nje ya maabara, kwenye kivuli cha jengo. Asajile alinivuta pembeni. Alikuwa na wazo, na nalisema hapa kwa sababu alilitoa kwa upendo.

"Oya, sikiliza. Tumwombe mwalimu huo mkono tu. Si umeshavunjika? Tunaufunga kwenye shuka, hakuna atakayefungua. Mama haoni vizuri."

"Atashika."

"Akishika si ana vidole vitano? Na kimoja kimepinda. Lusajo, mama yako atalala leo. Fikiria hilo."

Nililifikiria. Nilikaa juu ya pikipiki iliyozimwa nikalifikiria kwa muda mrefu kuliko jambo lolote maishani mwangu. Na mwalimu, naamini, angetupa. Alikuwa amesimama dirishani anatuangalia kama mtu anayesubiri kuombwa. Lakini niliiona mikono ya mama inapapasa pembe nne za lile shuka. Jana nilimwambia mama uongo bila kujua kwamba ni uongo. Leo ningejua. Na kila nikienda kumsalimia ningemkuta amekaa pembeni ya kaburi la beseni, na ningelazimika kukaa naye.

"Washa pikipiki," nikamwambia.

Tukarudi. Sikumbuki barabara.

Kisiba tena, jioni jua likiwa bado lipo. Walitusikia kutoka mbali. Akina mama wakaanza kulia kabla hatujasimama, kilio kile kizito cha kumpokea mtu. Nikashuka na begi. Mama alikuwa ameshasimama, ameshikwa mikono na wanawake wawili. Nikamfikia, nikafungua begi, nikampa shuka. Limekunjwa vilevile alivyolikunja.

Akalipapasa. Pembe moja, ya pili, ya tatu. Ya nne hakuifikia.

"Hakuwa yeye, mama. Alikuwa mnyama. Tena siyo mnyama, ni mfano wa mnyama."

Vilio vikakatika kimoja kimoja. Nikataka kutia neno la kuchekesha, lile la mlinzi na kidato cha ngapi. Ndugu zangu, nikaanza kulisema. Nikafika katikati nikaona nyuso, nikaacha sentensi palepale na sijairudia mpaka leo nilipoiandika hapo juu.

Asajile akaniaga kwa macho. Pikipiki siyo yake, mwenyewe alikuwa ameshapiga simu anaitaka. Akaondoka kabla ya yaliyofuata.

Baba mdogo Ambakisye akaja akasimama mbele ya mama. Hakumfokea mtu. Ingekuwa afadhali angenifokea.

"Shemeji, shimo limefunguliwa," akasema. "Unajua. Shimo haliwezi kulala wazi. Likilala wazi litaita mtu."

Mama akalikunja tena lile shuka.

"Nilikuja siku ile na panga ukanirudisha, nikarudi. Leo siyo mimi. Ni shimo."

Watoto wa ukoo walikuwepo pale, wajukuu, mmoja bado ananyonya. Mama akageuza kichwa upande wa sauti yao. Hakuna mtu aliyemlazimisha kwa neno lingine. Akaketi chini, juu ya udongo uliotolewa, akalinyoosha lile shuka kwenye mapaja yake kama meza inayoandaliwa.

Mimi na baba mdogo tukaenda shambani. Tukakata mgomba mnene, tukaupogoa majani, tukauleta begani kama tunavyobeba watu wetu. Tukaulaza pembeni yake. Mama akaupapasa kuanzia juu kwenda chini, taratibu, mkono kwa mkono, mpaka akafika mwisho.

"Mfupi," akasema. "Gwakisa alikuwa mrefu kuliko huu. Kaleteni mwingine."

Hakuna aliyecheka. Tukarudi. Migomba ya pale ni ya aina fupi, tuliizunguka yote. Mmoja tu ulikaribia, na ukiukata kwa panga kama kawaida, juu ya udongo, unakuwa haufiki. Baba mdogo akanitazama, akanipa jembe. Nikaung'oa mzima mzima, na tunguu lake chini, lile bonge lenye mizizi, ndipo ukatimia. Tukaufuta udongo. Mama akaupapasa tena. Alipofika kwenye tunguu mkono wake ulisimama kidogo pale, kama mtu aliyegusa miguu baridi. Akatikisa kichwa kukubali.

Akaufunga yeye mwenyewe kwenye shuka. Tukamshusha Gwakisa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo mchungaji alivyosema, na ndivyo tulivyoitikia. Udongo ukarudi, na kwa sababu shimo lilikuwa la mifupa halikumeza udongo mwingi, kikabaki kilima kirefu pembeni ya baba. Watu wakanawa, wakala ndizi. Mama alikula. Miaka ile yote alikuwa hali chakula cha msiba wa mtu yeyote, siku ile akala cha msiba wa kwake, tonge dogo dogo, mpaka sahani ikaisha.

Msasani, nyumbani kwangu. Nimerudi kwenye viatu. Asajile kaisambaza ile ya mlinzi, watu wakipita wananiuliza mdogo wangu yuko kidato cha ngapi, nami nawajibu amerudia mwaka. Mkiniuliza nimejifunza nini kwenye safari hii, nimejifunza sili ni nini. Nimejifunza popo ana vidole vitano. Nimejifunza kwamba habari njema ukiipata usimpigie mama kwanza. Na yule niliyemtegemea, yaani ziwa, nimeacha kumtegemea. Nilidhani nikiacha nitapumua. Bado nasubiri hiyo pumzi.

Asajile alikuja kibandani asubuhi moja ya mvua, akakaa kwenye rundo la viatu visivyo na wenzi, nikammiminia chai. Akataka nimsimulie yaliyotokea baada ya yeye kuondoka. Nikamsimulia yote, mgomba mfupi, mgomba mrefu, jembe. Pale kwa mama nikamwekea na sauti ya mama. Sisi wote ni watu wa ndizi, na siku ile tulikuwa wengi kuzunguka lile shimo, na hakuna aliyesema kitu. Nami sikuwa nimefikiri. Asajile alikuwa anaipeleka chai mdomoni, akaishusha.

"Mlizika na tunguu lake?"

"Alitaka urefu."

"Na shimo lilikuwa la kupita goti tu."

"Ndiyo."

Akaangalia mvua inavyopiga kwenye bati la jirani. Hakunitania. Asajile, ambaye hajawahi kupitwa na utani tangu tuko watoto, hakunitania.

"Lusajo," akasema, "ule mgomba utachipua. Mvua zenyewe ndizo hizi. Sasa niambie: utawahi wewe ukaling'oe hilo chipukizi, au utamwachia mama yako?"